Mambo ya Muungano: orodha iliyoanza na 11 ikafika 22

Ukishuka boti ya kutoka Dar es Salaam katika bandari ya Malindi, Mji Mkongwe, hujafika hata Darajani umeshapita mikononi mwa serikali mbili. Bandari iko chini ya shirika la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Ushuru wa forodha wa mzigo wako unakusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), chombo cha Muungano. Askari polisi aliye getini ni wa Muungano. Ukiugua ukapelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, daktari atakayekupokea ni mwajiriwa wa SMZ. Kodi ya ongezeko la thamani ya chumba cha hoteli inakwenda Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), lakini noti utakayoilipia imetolewa na Benki Kuu ya Tanzania.

Nani aliamua kwamba hili liwe la huku na lile liwe la kule? Jibu la kisheria ni fupi: kuna orodha. Lililomo katika orodha ni jambo la Muungano, lisilokuwemo ni la Zanzibar yenyewe. Kwa zaidi ya miaka 60 watu wamebishana juu ya orodha hiyo katika mabaraza ya Mji Mkongwe, katika Baraza la Wawakilishi kule Chukwani na katika Bunge la Dodoma. Katika makala hii tunaeleza ilikotoka, ilivyokua, na kwa nini bado inaleta maneno.

Siku nne za Aprili 1964

Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 10 Disemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Tarehe 22 Aprili mwaka huo huo, hapa Unguja, Rais Julius Nyerere wa Tanganyika na Rais Abeid Amani Karume wa Zanzibar walitia saini Hati za Muungano. Bunge la Tanganyika liliziridhia tarehe 25 Aprili, na kesho yake Muungano ukaanza. Jina la Tanzania lilikuja baadaye mwaka huo huo.

Hati hizo zilitaja mambo 11 yatakayosimamiwa na Serikali ya Muungano: katiba na serikali ya Jamhuri ya Muungano, mambo ya nchi za nje, ulinzi, polisi, mamlaka ya hali ya hatari, uraia, uhamiaji, biashara ya nje na mikopo, utumishi wa serikali ya Muungano, kodi ya mapato pamoja na ushuru wa forodha na wa bidhaa, na mwisho bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Yote yaliyobaki, kama elimu ya msingi, afya, kilimo na ardhi, yaliachwa kwa Zanzibar.

Mambo mawili ya siku zile yanazungumzwa hadi leo. La kwanza ni uharaka wake. Zanzibar haikuwa na bunge wakati ule. Mamlaka yote yalikuwa kwa Baraza la Mapinduzi, na wanasheria wanabishana mpaka sasa kama Baraza hilo liliridhia Hati kwa sheria iliyotungwa ipasavyo. Wananchi wa pande zote mbili hawakuulizwa kwa kura. La pili ni ahadi iliyoandikwa ndani ya Hati zenyewe, kwamba katika mwaka mmoja litaitishwa bunge la kutunga katiba ya kudumu. Ahadi hiyo iliahirishwa kwa sheria mwaka 1965, na katiba ya kudumu ilipatikana mwaka 1977.

Kwa nini serikali mbili?

Nchi mbili zinapoungana kwa kawaida huwa na njia mbili mbele yao. Ama zinakuwa nchi moja yenye serikali moja, ama zinakuwa shirikisho, ambamo kila upande unabaki na serikali yake na juu yao panakuwa na serikali ya pamoja. Muungano wa 1964 haukufuata hata moja kati ya hizo. Zanzibar ilibaki na serikali yake, Tanganyika haikubaki nayo. Mambo yasiyo ya Muungano ya Tanganyika yalikabidhiwa Serikali ya Muungano hiyo hiyo.

Mwalimu Nyerere alieleza sababu zake mara nyingi. Serikali moja ingeonekana kama Tanganyika imeimeza Zanzibar. Serikali tatu zingekuwa mzigo wa gharama, na gharama hizo zingebebwa zaidi na Tanganyika. Sensa ya 1967 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12 nchi nzima, na wa Zanzibar hawakufika laki nne.

Muundo huo uliilinda Zanzibar isipotee. Papo hapo ulizaa tatizo ambalo halijaondoka: serikali ambayo Mzanzibari anaambiwa ni ya wote ndiyo hiyo hiyo inayosimamia shule na mashamba ya Bara. Waziri wa Muungano anapoamua jambo la fedha, Mzanzibari huuliza: leo ameamua kama waziri wa Tanzania au kama waziri wa Tanganyika?

Philadelphia, 1787: mvutano kama huo

Mvutano huu hatukuanza nao sisi. Makoloni 13 ya Marekani yalipojitoa kwa Mwingereza yaliungana kwanza chini ya mkataba ulioanza kutumika mwaka 1781. Serikali ya kati chini ya mkataba ule haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Iliomba michango kwa majimbo, na majimbo mengi hayakuleta. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliozidiwa na madeni waliasi, na serikali ya kati haikuwa na jeshi la maana la kupeleka.

Mwaka 1787 wajumbe wakakutana Philadelphia wakaandika katiba mpya yenye serikali ya kati imara zaidi. Jimbo dogo la Rhode Island lilikataa hata kupeleka wajumbe. Kisha ukaja ubishi mkubwa. Alexander Hamilton, James Madison na John Jay waliandika makala 85 magazetini kuitetea katiba: bila ya kituo chenye nguvu, walisema, majimbo yatagombana na maadui watayala moja moja. Waliopinga, akiwemo Patrick Henry wa Virginia, walijibu kwamba wametoka kumwondoa mfalme mmoja na sasa wanaletewa mwingine. Walitabiri kwamba serikali ya kati itapewa mambo machache, kisha itajiongezea kidogo kidogo mpaka majimbo yabaki majina.

Ubishi ule uliacha mambo matatu yanayotusaidia kuuelewa wa kwetu. Kwanza, kila jimbo lilipata maseneta wawili, liwe kubwa au dogo, ili wengi wasiwafunike wachache. Pili, mwaka 1791 iliongezwa kanuni kwamba mamlaka ambayo serikali ya kati haikupewa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Tatu, Mahakama Kuu ya nchi ikawa mwamuzi. Mwaka 1819, jimbo la Maryland lilipotaka kuitoza kodi benki ya serikali ya kati, mahakama hiyo iliamua kwamba serikali ya kati ina haki ya kuwa na benki ingawa neno benki halimo katika orodha ya mamlaka yake. Waliotabiri kwamba orodha itatanuka hawakukosea.

Wamarekani nao hawakumaliza kila kitu. Suala la utumwa walilipitia pembeni, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilikuwa sehemu ya bei yake. Lakini katiba yao ilijadiliwa hadharani kwa miezi mingi, jimbo baada ya jimbo, kabla ya kukubaliwa. Hapo ndipo wanapotofautiana zaidi na Aprili yetu ya 1964.

Orodha ilivyokua

Kwetu, orodha haikutanuka kwa hukumu za mahakama. Ilitanuka kwa sheria za Bunge. Mwaka 1965, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilipokuwa inaelekea kuvunjika, mambo ya sarafu na mabenki yaliongezwa kuwa ya Muungano, na mwaka uliofuata Benki Kuu ya Tanzania ikaanza kazi. Mwaka 1968 yaliongezwa mafuta na gesi asilia. Elimu ya juu, leseni za viwanda, takwimu, utafiti, utabiri wa hali ya hewa na Baraza la Mitihani navyo viliingia kwa nyakati tofauti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nchi ilihitaji Mahakama ya Rufani yake, nayo ikawa ya Muungano. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 uliongezwa uandikishaji wa vyama vya siasa.

Leo nyongeza ya kwanza ya Katiba ya 1977 ina mambo 22. Wako wanaohesabu zaidi, kwa sababu kipengele kimoja kinaweza kubeba mambo matatu au manne, kama kile cha bandari, anga, posta na simu.

Wanaotetea nyongeza hizi wanasema kila moja ilikuwa na sababu: sarafu mbili ndani ya nchi moja zingekuwa vurugu, na mahakama ya juu ilibidi iwepo. Wanaozipinga wanasema Hati za Muungano zilitaja 11 na hazikutoa ruhusa ya kuongeza, na kwamba nyingi ziliongezwa wakati wa chama kimoja, ambapo kukataa hakukuwa rahisi. Leo Katiba inataka orodha hiyo ibadilishwe kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, wakihesabiwa mbali mbali. Kinga hiyo inafanana kidogo na ile ya maseneta wawili kwa kila jimbo.

Uzito wa orodha unaonekana kwenye fedha. Mikopo ya nje ni jambo la Muungano, kwa hiyo SMZ ikitaka kukopa nje kwa ajili ya barabara au bandari haiwezi kwenda peke yake. Lazima Serikali ya Muungano iingie kati. Katiba inataka pia iwepo Akaunti ya Fedha ya Pamoja na Tume ya Pamoja ya Fedha, ili mapato na gharama za Muungano zigawanywe kwa kanuni. Namna ya kugawana imebaki miongoni mwa hoja zilizokaa muda mrefu zaidi katika vikao vya kutatua kero za Muungano. Wafanyabiashara wa Unguja nao wamelalamika kwa miaka kwamba bidhaa waliyoilipia ushuru Malindi hudaiwa tofauti ya kodi inapofika Dar es Salaam.

Nani mwamuzi?

Serikali mbili zikikosana juu ya maana ya orodha, nani anaamua? Katiba ya Muungano inataja Mahakama Maalum ya Katiba. Nusu ya wajumbe wake wanateuliwa na Serikali ya Muungano na nusu na Serikali ya Zanzibar, na uamuzi unahitaji theluthi mbili ya kila upande. Mahakama hiyo haina majaji wa kudumu, na haijawahi kuketi.

Aliyekaribia kuifikisha kazini alilipa kwa cheo chake. Mwaka 1983, wakati wa mjadala wa kurekebisha katiba, Rais wa Zanzibar Aboud Jumbe aliandaa waraka wa kuuliza kama muundo wa serikali mbili unalingana na Hati za Muungano. Waraka ulifika kwa viongozi wa chama kabla haujafika mahakamani. Januari 1984, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM mjini Dodoma, Jumbe alijiuzulu nyadhifa zake, na Ali Hassan Mwinyi akashika nafasi yake. Kipindi kile Wazanzibari wanakiita kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa.

Swali lilirudi kwa mlango mwingine. Viongozi na wanachama 18 wa chama cha CUF walikamatwa na kushitakiwa Zanzibar kwa uhaini dhidi ya SMZ, na wakakaa rumande kwa miaka. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa sababu dola ni Jamhuri ya Muungano. Mashtaka yakaondolewa. Kwa hiyo hukumu ile iliwaokoa wapinzani waliokuwa wakidai mamlaka zaidi ya Zanzibar, na iliwaokoa kwa hoja kwamba Zanzibar si dola.

Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliliambia Bunge kwamba Zanzibar si nchi, na Visiwani kukachafuka kwa maneno. Miaka miwili baadaye Baraza la Wawakilishi liliandika katika marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar kwamba Zanzibar ni nchi, na ni moja kati ya nchi mbili zilizounda Jamhuri ya Muungano. Katiba ya Muungano kwa upande wake inaanza kwa kusema Tanzania ni nchi moja. Katiba zote mbili zinatumika, na hakuna mahakama iliyoitwa kuzipatanisha.

Hata mpira umeguswa. Machi 2017 Zanzibar ilipokelewa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF), na watu wakashangilia mitaani. Julai mwaka huo huo uanachama ulifutwa, kwa maelezo kwamba haiwezekani nchi moja iwe na vyama viwili.

Bara nako kuna malalamiko

Si haki kulieleza suala hili kama kilio cha upande mmoja. Bara wako wanaouliza kwa nini wabunge kutoka Zanzibar wapige kura Dodoma juu ya kilimo na shule za Bara, wakati mbunge wa Bara hana kauli juu ya kilimo na shule za Unguja na Pemba. Wanauliza kwa nini Mzanzibari anaweza kupata ardhi Bara kwa urahisi kuliko mtu wa Bara anavyoweza Zanzibar. Na wanauliza Tanganyika imekwenda wapi.

Mwaka 1993, baada ya Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya nchi za Kiislamu (OIC) na kisha kujitoa, wabunge 55 walipeleka Bungeni hoja ya kuundwa Serikali ya Tanganyika. Waliitwa G55. Bunge liliikubali. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amestaafu, aliipinga kwa nguvu na kuandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Hoja ikazimwa. Mwaka uliofuata katiba ilirekebishwa, na kuanzia uchaguzi wa 1995 Rais wa Zanzibar hakuwa tena Makamu wa Rais wa Muungano kwa wadhifa wake. Wengi Visiwani waliona wamepunguziwa nafasi waliyokuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Tume tatu, pendekezo moja

Tume ya Jaji Francis Nyalali mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kamati ya Jaji Robert Kisanga mwaka 1999 na Tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2013 zote zilipendekeza serikali tatu. Rasimu ya Warioba ilikwenda mbali zaidi kwa kupunguza mambo ya Muungano kutoka 22 hadi saba.

Waliopinga rasimu ile walikuwa na hoja nzito. Serikali ya Muungano isiyo na watu wake wala eneo lake itapata wapi fedha? Je, haitakuwa ombaomba wa michango, kama ile ya Marekani kabla ya 1787? Na Tanganyika yenye zaidi ya asilimia 95 ya watu wote haitakuwa na nguvu kuliko Muungano wenyewe? Waliounga mkono walijibu kwamba rasimu imeitengea Serikali ya Muungano ushuru wa bidhaa, na kwamba muungano unaotegemea kufichwa kwa mshirika mmoja hauwezi kutulia.

Aprili 2014 wajumbe wa upinzani walitoka katika Bunge Maalum la Katiba. Waliobaki walirudisha muundo wa serikali mbili na kupitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alipiga kura ya wazi kukataa baadhi ya ibara, na siku chache baadaye aliondolewa katika wadhifa wake. Mwaka 2021 alirudi serikalini akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Kura ya maoni juu ya katiba ile ilipangwa kufanyika Aprili 2015, ikaahirishwa, na haikufanyika.

Mafuta: yametoka bila kufutwa

Wakati katiba mpya imekwama, orodha ilianza kusogezwa kwa njia nyingine. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeshaazimia mwaka 2009 kwamba mafuta na gesi yaondolewe katika Muungano. Sheria ya Petroli ya Muungano ya 2015 iliiachia Zanzibar isimamie yake, na mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake ya mafuta na gesi. Ukifungua Katiba, hata hivyo, mafuta bado yamo katika mambo 22. Takwimu nazo zimo, na Zanzibar ina Mtakwimu Mkuu wake. Elimu ya juu imo, na Zanzibar ina chuo kikuu chake cha serikali, SUZA.

Kwa wengine huu ni ushahidi kwamba Muungano unajirekebisha kimya kimya bila ya kuvunja chombo. Kwa wengine ni hatari, kwa sababu kilichotolewa kwa sheria ya kawaida kinaweza kurudishwa kwa sheria ya kawaida, na visima vya mafuta si jambo la kuachwa juu ya maelewano ya viongozi waliopo madarakani leo.

Hapa Unguja husimuliwa kwamba Mzee Karume aliufananisha Muungano na koti: likikubana, unalivua. Miaka yote hii wengi wa wanaolalamika hawakuomba kulivua. Wameomba fundi wa kulipima upya, na wawepo wakati linapokatwa. Kwa hiyo mjadala wa katiba mpya utakaporudi, na hurudi kila baada ya miaka michache, tunamshauri msikilizaji asiishie kwenye hesabu ya serikali ngapi. Asikilize pia nani ataruhusiwa kuongeza au kupunguza jambo katika orodha, kwa kura za nani, na pande mbili zikikosana ni mahakama gani itakayoketi.